Uji Mchachu wa Asenath

Asenath Muhonja alishona magunia kwa miaka ishirini na mmoja katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, na mwishowe vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyomwondoa kazini. Hakuondolewa na meneja, wala na zile fununu za kila Desemba kwamba kiwanda kinahamia Athi River. Asubuhi moja alikaa mbele ya cherehani yake akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Akajaribu mara ya pili, na ya tatu. Viungo vya ncha za vidole vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi, na kidole gumba cha kulia kilimchoma kuanzia kwenye shina hadi kifundo cha mkono. Msimamizi wake, Bwana Opiyo, mtu mpole aliyemfahamu tangu wote wawili wakiwa vibarua, alisimama nyuma yake akiitazama sindano.

"Mama Everline," akasema hatimaye, "nenda ukapumzike. Ukipona utarudi."

Wote wawili walijua kwamba hapo kiwandani hakuna aliyewahi kwenda kupumzika akarudi akakikuta kiti chake kitupu. Asenath alikunja aproni, akaiweka juu ya meza, akatokea lango la nyuma ili asilazimike kuwaaga wenzake.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Alikuja Nairobi kutoka Vihiga akiwa bi harusi, kumfuata mumewe Mulama aliyekuwa akichanganya rangi katika kiwanda cha jirani. Mulama alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, binti yao wa pekee Everline akiwa darasa la sita. Everline naye akasoma, akakua, akaolewa Kitale. Asenath akabaki peke yake katika chumba kimoja cha orofa ya tatu, dirisha lake likitazama ukuta wa jumba jingine, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa. Majirani walimjua kwa jambo moja hasa: alisema kidogo, lakini akisema, alisema kwa uhakika, kana kwamba shauri lilikwisha kukatwa mahali fulani naye ameleta tu habari.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali ya umma. Alipanga foleni tangu alfajiri, na kufikia saa nne alikuwa amesogea benchi mbili tu. Kando yake alikaa mwanamke wa Kisomali, mrefu, mwembamba, aliyejitanda mtandio wa rangi ya udongo. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja vimetazama juu, kama mtu aliyepakata kitu asichotaka kukivunja.

"Na wewe ni mikono?" Asenath akamuuliza.

"Mikono, magoti, vifundo vya miguu," yule mama akajibu. "Asubuhi siwezi kufunga kifungo mpaka jua lipande. Na wewe?"

"Mikono."

"Wamekuambia ni nini?"

"Sijaonwa bado. Lakini kwetu tunaiita baridi yabisi."

"Ndiyo hiyo hiyo," yule mama akasema. "Hata mimi walinipima damu, wakaniambia ni baridi yabisi."

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Asenath ulivyopata jina: ulipewa na benchi, haukupewa na daktari. Yule mama aliitwa Ladan. Aliishi Kiamaiko, mumewe alikuwa dalali wa mbuzi kabla hajafariki, na yeye mwenyewe aliuza maziwa ya ngamia yaliyoletwa kwa basi kutoka Isiolo. Walizungumza mpaka saa sita, wakacheka hata. Kisha muuguzi akatoka, akasema wenye kadi waingie na wasio na kadi warudi Alhamisi. Ladan alikuwa na kadi. Asenath hakuwa nayo, na Alhamisi ilipofika hakurudi.

Hakurudi kwa sababu alikuwa amepata la kufanya. Mamake, kule Vihiga, alikuwa fundi wa uji mchachu. Alikoroga unga wa wimbi na mtama kwa maji ya vuguvugu, akaufunika kwenye chungu kando ya jiko siku tatu, mpaka ukafanya povu na kutoa harufu kali inayokereketa puani. Kila mara alibakiza kidogo chini ya chungu ili kiwe kianzio cha mwingine. Wanakijiji wenye migongo mibovu walikuja kunywa kwake, naye aliwapondea tangawizi ndani. Asenath alinunua ndoo mbili zenye vifuniko, akaanza upya alichokiona utotoni, akaongeza na vya mjini: manjano aliyoyasaga mwenyewe, na pilipili manga, maana mama mmoja wa dukani alimwambia kwamba manjano bila pilipili manga hupita mwilini bure.

Alikita meza yake nje ya lango la viwanda, mahali ambapo vibarua husimama kila asubuhi wakingoja kuitwa. Uji ulikuwa wa rangi ya kutu, mzito, moto, mchachu kiasi cha kufumba jicho moja. Vibarua waliupenda. Ulikaa tumboni hadi saa nane, na kikohozi cha vumbi la saruji kilipungua, au walisema kilipungua. Na Asenath mwenyewe, baada ya miezi mitatu, aliona mabadiliko. Kidole gumba kiliacha kumwamsha. Angeweza kukunja ngumi. Vinundu vilikuwa pale pale, lakini moto uliokuwa ndani yake ulikuwa umezimika.

Mpakiaji mmoja wa malori aliyeitwa Mulongo, kijana wa maneno mengi, ndiye aliyemtangaza.

"Mathe, hii si uji," alisema siku moja akirudisha kikombe. "Hii ni dawa. Goti yangu ilikuwa imekataa kazi. Sai cheki." Akaruka ruka mbele ya wenzake.

Kesho yake Mulongo alikuja na kipande cha bati na rangi nyeupe, akaandika: DAWA YA VIUNGO, MGONGO NA UVIMBE. UJI WA ASENATH. Asenath alilitazama lile bati muda mrefu. Mamake hakuwahi kuuita uji wake dawa. Lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa ushahidi, na bati likatundikwa.

Ladan alimpata hapo. Alikuwa akipita kupeleka maziwa kwa mteja, akaona jina, akasimama. Tangu siku hiyo wakawa kama watu waliozaliwa nyumba moja. Ladan alileta susa, maziwa ya ngamia aliyoyagandisha kwenye mtungi uliofukizwa moshi, machachu hata kuliko uji. Asenath alikunywa kwa kukunja uso, kisha akaomba tena. Walikaa kwenye ndoo zilizofudikizwa, wateja wakishapungua, wakilinganisha ujuzi wa mama zao: nani aliacha siku ngapi, nani alifunika kwa kitu gani, kwa nini chombo kikioshwa kwa sabuni hukataa kugandisha. Asenath hakuwa amezungumza hivyo na mtu tangu Mulama afariki. Ladan alimwita Mama Everline, naye akamwita Mama Hashi, kwa jina la mwanawe aliyefanya kazi ya kuchinja pale Kiamaiko.

"Hospitali wanakupa nini?" Asenath alimuuliza siku moja.

Ladan alitoa kipakiti kwenye mkoba. Vidonge vidogo vya rangi ya njano. "Nameza Jumapili tu, mara moja kwa wiki. Jumatatu nzima natapika. Jumanne kichwa kinazunguka. Jumatano ndiyo narudi kuwa mtu, halafu Jumapili inarudi tena."

"Na mikono?"

"Mikono ni nafuu. Si kupona, nafuu."

Asenath aliona jinsi rafiki yake alivyokonda, akaona macho yaliyoingia ndani. Alikuwa na huruma naye, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Akainua mkono wake wa kulia, akaukunja ngumi mbele ya uso wa Ladan, akaukunjua, akaukunja tena.

"Tazama. Mimi sijameza kidonge hata kimoja tangu siku ile tulipokutana. Ugonjwa wako ndio wangu. Kunywa huu asubuhi na jioni, na hiyo sumu uiache."

Ladan alikitazama kipakiti. "Daktari atasema nini?"

"Daktari hatapiki Jumatatu," Asenath akasema.

Ladan akacheka. Jumapili hiyo hakumeza.

Wiki tano au sita za mwanzo zilikuwa njema, na hizo ndizo zilizowadanganya wote wawili. Kichefuchefu kilikwisha. Ladan alianza kula, mashavu yakajaa, akaja Baba Dogo akitembea kwa madaha. Asenath alimchemshia uji wake kando, wenye tangawizi mara mbili, na akamwongezea manjano ya kubandika magotini usiku. Mulongo akiwaona pamoja aliwaambia vibarua wenzake, "Huyo mama alikuwa hawezi kushika kikombe. Muulizeni."

Kisha asubuhi zikaanza kurefuka. Ladan alisema sasa vidole vinakataa kufunguka mpaka karibu adhuhuri. Vifundo vya mikono vilivimba, vikawa vyekundu na vya moto, laini ukivigusa, si kama vinundu vya Asenath vilivyokuwa vikavu na vigumu. Asenath aliiona tofauti hiyo kwa macho yake. Aliiona, na hakujiuliza.

"Ugonjwa unatoka," alimwambia. "Ukiwa unatoka huuma. Usiogope." Akaongeza manjano.

Maneno hayo aliyasikia kwa nani, hakujua. Labda hayakutoka kwa mtu yeyote, ila yalimjia tu wakati alipohitaji kitu cha kusema, naye akayasema kwa sauti yake ile ya shauri lililokwisha kukatwa. Ladan aliitikia kwa kichwa.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia Ladan aliacha kuja. Asenath alidhani ni saumu. Alimpigia simu mara moja, Ladan akamwambia yu mzima, amechoka kidogo, waonane baada ya Idi. Idi ikaja, ikapita. Siku ya nne baada ya Idi alimwona Hashi, mwanawe Ladan, amesimama mbele ya meza ya uji, buti za machinjioni bado miguuni. Hashi alikuwa mwanaume wa miaka thelathini, mpole, mwenye kusema kwa utaratibu.

"Habaryar," alimwita, neno la kwao la kumwita dada wa mama. "Mama hawezi kuamka. Hataki kwenda hospitali. Anasema tukuulize wewe kwanza."

Asenath aliacha ndoo pale pale chini ya ulinzi wa mama muuza mandazi, akafuatana naye.

Ladan alikuwa amelala kwenye godoro, chumba kikinukia ubani. Alitabasamu alipomwona. Kisha akatoa mikono yake chini ya shuka. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kulala upande mmoja, vyote vinne, vikielekea kidole cha mwisho, kama majani yaliyoegemezwa na upepo yakabaki hivyo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimetitia. Na jicho la kushoto lilikuwa jekundu, linatoa machozi bila kulia.

"Nimekunywa kila siku," Ladan akasema. "Hata mwezi wa saumu, wakati wa futari na wa daku. Sijaacha hata siku moja."

Asenath alitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna shauri lililomjia likiwa limekwisha kukatwa. "Twende hospitali," akasema tu.

Hashi alimbeba mamake ngazini hadi chini. Hospitalini waliingizwa upesi, kwa sababu ya jicho. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Nabiswa, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliisoma kadi ya Ladan, akaipindua, akaisoma tena.

"Mama, ulikuwa unaendelea vizuri. Miezi minane hujaja kuchukua dawa. Kwa nini?"

Ladan aliangalia ukuta. Asenath alijua kwamba rafiki yake alikuwa akimsitiri, na kusitiriwa huko kulimuuma kuliko kama angeonyeshwa kwa kidole.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilimpa uji mchachu na manjano. Mimi nina ugonjwa huo huo, na ulinisaidia."

Daktari hakumkemea. Alinyoosha mkono. "Nione vidole vyako."

Alivishika kimoja kimoja, akabonyeza vinundu, akazungusha kidole gumba, akauliza asubuhi mikono huchukua muda gani kulegea. Asenath akasema dakika kumi, labda robo saa. Akauliza alikuwa akifanya kazi gani. Akasema kushona magunia, miaka ishirini na mmoja.

"Mama, huu si ugonjwa wake," Daktari Nabiswa akasema. "Viungo vyako vimechakaa kwa kazi. Mfupa umesuguana, gegedu lililotenganisha mifupa limekwisha. Kilichokupa nafuu kubwa ni kuacha kushona, na kushika vikombe vya moto kila asubuhi. Yeye viungo vyake havikuchakaa. Kinga ya mwili wake imekosea adui, inavila viungo vyake vyenyewe, na isipozuiwa itakwenda kwenye macho na mapafu. Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vinaizuia."

"Lakini wote wanasema baridi yabisi."

"Ndiyo. Mtaani jina ni moja. Magonjwa ni zaidi ya mia."

Asenath akauliza jambo lililomsumbua baadaye, kwa sababu lilionyesha kwamba hata wakati ule alikuwa bado anajitafutia pa kujificha. "Basi uji ule ni uongo?"

Daktari alivua miwani. "Si uongo. Tangawizi na manjano yana vitu vinavyotuliza uvimbe, kiasi. Uji mchachu na maziwa ya mgando ni chakula kizuri kwa tumbo, na tumbo lina mkono wake katika mambo ya uvimbe. Wataalamu bado wanachunguza. Ningemwambia anywe pamoja na dawa zake, na manjano mengi hivyo asingeyatumia bila kuniambia. Mtu anaweza kumwaga maji ya kikombe kwenye moto wa jiko ukazima. Nyumba ikiwaka, kikombe ni kile kile na maji ni yale yale." Akamgeukia Ladan, sauti yake ikashuka. "Na kule kutapika, mama, ungekuja ukaniambia. Kuna kidonge kidogo cha vitamini cha kukupunguzia. Kikishindikana, kuna sindano badala ya vidonge. Hukuwa na haja ya kuteseka vile."

Ladan alifumba macho. Hashi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje.

Walimlaza wodini siku kumi na mbili. Jicho liliokolewa, ingawa baada ya hapo aliona ukungu kwa upande huo. Uvimbe ulishuka. Dawa zilirudi, safari hii pamoja na kile kidonge cha vitamini, na Jumatatu zikawa siku kama siku nyingine. Lakini vidole havikunyooka. Daktari alisema kilichokwisha kupinda kingebaki kimepinda. Walichoweza ni kuzuia vilivyobaki.

Asenath alikwenda wodini kila siku baada ya kufunga biashara. Siku ya kumi, wakiwa wawili tu, alisema alichokuwa ameshindwa kukisema.

"Mama Hashi, nimekuharibia mikono."

Ladan alikuwa ameegemea mto, akijaribu kuhesabu tasbihi. Shanga ziliteleza kila mara kati ya gumba na kidole, naye alizirudia bila haraka.

"Ulijua kwamba ni magonjwa mawili?"

"Sikujua."

"Basi. Asiyejua hana kosa la anayejua." Akairudisha shanga iliyoteleza. "Lakini ulisema kama mtu anayejua, Mama Everline. Hilo ndilo ninalolifikiria hapa usiku na mchana. Ungeniambia, mimi sijui, jaribu tu, mimi ningemeza vidonge vyangu na ningekunywa na uji wako. Nilikuamini kwa jinsi ulivyosema."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Asenath alikaa hadi muuguzi alipokuja kuwaambia wageni watoke.

Ladan aliporudi nyumbani, Asenath alikwenda Kiamaiko mara tatu kwa juma. Alimwoshea mitungi, akamfulia, akamsuka nywele, akamfunga vifungo. Ladan alimpokea, akamtengea chai ya iliki. Walizungumza kuhusu bei ya mbuzi, kuhusu Hashi aliyekuwa akichumbia, kuhusu mvua. Asenath hakumletea uji tena, na Ladan hakuuliza. Mara moja tu, Ladan alimwambia amwonyeshe ngumi yake. Asenath akasita, kisha akaukunja mkono. Ladan aliutazama, akasema, "Vizuri," akageuza mazungumzo.

Biashara ya maziwa ilikufa. Ladan hakuweza kuinua dumu wala kukaza kifuniko, na Hashi hakuweza kuacha machinjio. Aliyekuja kumchukua ni kaka yake, kutoka Isiolo, mwezi wa nane. Asubuhi ya safari Asenath alimfungia mizigo. Mtungi mmoja wa susa, ule uliokuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi, Ladan alimpa jirani yake msichana aliyeolewa karibuni. Asenath alikuwa amesimama hapo hapo, akaelewa, wala hakujidanganya kwamba hakuelewa.

Walipoagana Ladan alimkumbatia kwa viganja vilivyofungwa, kwa sababu havikufunguka vizuri. "Mungu akuhifadhi," alimwambia. Alikuwa na maana hiyo kwa kweli. Lakini hakusema karibu Isiolo, neno ambalo mtu wa kwao hasahau kulisema.

Asenath alirudi Baba Dogo akamtafuta Mulongo.

"Niletee rangi. Nataka ufute hilo neno dawa."

Mulongo alimkodolea macho. "Mathe, watu wanakuja juu ya hiyo neno. Ukitoa, utabaki na uji tu."

"Ni uji tu."

"Na goti yangu je?"

"Nenda hospitali wakuambie goti lako lina nini. Ukitaka, uji uendelee kunywa."

Mulongo alifuta mstari wote wa juu, akinung'unika, na bati likabaki na maneno matatu na doa jeupe kubwa juu yake. Hakukosea. Vibarua waliendelea kunywa, lakini wale wa mbali, waliokuja kutoka Kware na Pipeline wakichechemea, walianza kupungua. Walipouliza kama uji unatibu, Asenath aliwaambia hajui. Aliwauliza asubuhi viungo huchukua muda gani kulegea, kama vimevimba pande zote mbili, kama ni vya moto. Akisikia jibu fulani aliwaambia waende hospitali siku hiyo hiyo, na kama wana vidonge wasiache. Wengi walimtazama kwa kuudhika. Walikuwa wamesafiri kuja kusikia kitu kingine.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mwanamke mmoja alifungua meza upande wa pili wa barabara, mwenye chupa za manjano zenye asali na kipaza sauti kidogo kilichorudia maneno yale yale mchana kutwa: viungo, mgongo, presha, sukari. Siku moja mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alisimama mbele ya Asenath akanyoosha mikono. Vifundo vilikuwa vimevimba, sawasawa kulia na kushoto, vimeiva. Asenath alivishika. Vilikuwa vya moto.

"Mwanangu, hii si ya uji," alimwambia. "Nenda hospitali leo. Nitakuandikia jina la daktari. Nifunge meza, twende wote."

"Nimeenda mara mbili, wakaniambia nirudi," yule mama akasema kwa uchovu. "Nilisikia hapa kuna dawa."

"Lilikuwapo bati lililosema hivyo. Yalikuwa ni makosa."

Yule mama alishukuru kwa adabu, akarudisha mikono ndani ya leso. Alisimama kidogo kando ya barabara kama anayefikiri. Kisha akangoja lori lipite, akavuka.

Asenath alimfuata. Aliacha meza, akavuka barabara, akasimama kando yake mbele ya zile chupa, akamsihi kwa sauti ya chini. Mwenye meza alimwambia aache wivu wa biashara. Vibarua waliangalia. Yule mama kijana alinunua chupa mbili, macho yake yakimkwepa Asenath, akaondoka kuelekea Korogocho, mtoto akitazama nyuma.

Jioni hiyo alimpigia Ladan. Hashi alikuwa amemwambia kwamba simu huko Isiolo hushikwa na mke wa kaka, maana Ladan hawezi kuikamata muda mrefu. Waliongea dakika chache. Ladan alisema mvua imenyesha vizuri, ngamia wanatoa maziwa, jua la huko ni kali lakini mwili unalipenda. Aliuliza habari za Everline. Asenath akasema Everline ana mimba ya pili. Ladan akasema alhamdulillahi, na akarudia tena, polepole.

Asenath alitaka kumweleza juu ya yule mama mwenye mtoto. Akaona hana haki ya kumpelekea mzigo huo. Aliuliza kama anapata dawa zake kule, Ladan akasema anapata, hospitali iko karibu. Kisha mke wa kaka akasema mkono wake umechoka kushika simu, na laini ikakatika.